Kumbadilisha 'parler' si kumnyambua

Wapo wanaoifasiri 'conjugaison' ya Kifaransa kuwa mnyambuliko wa vitenzi. Mimi naikataa fasiri hiyo.

Unapokinyambua kitenzi 'sema' unapata 'semea', 'semwa', 'semesha'. Hivyo ni vitenzi vingine, kila kimoja na maana yake. Mfaransa anapokipitisha 'parler' katika nafsi, nyakati na hali, hazalishi kitenzi kipya. 'Je parle' ni nasema, 'je parlais' nilikuwa nikisema, 'je parlerai' nitasema, 'que je parle' niseme. Kwetu kazi hiyo hufanywa na viambishi awali 'ni-', '-li-' na '-ta-', pamoja na kiishio '-e' katika hali tegemezi. Basi huo ni uambishaji wa nafsi, wakati na hali.

Utasema ni jina tu, shida iko wapi? Iko hapa: mwanafunzi aliyeambiwa ananyambua hukodolea macho mwisho wa neno, ilhali katika Kifaransa cha kusemwa mwisho huo mara nyingi ni bubu. 'Parle', 'parles' na 'parlent' hutamkwa sawasawa. Hata 'il parle' (anasema) na 'ils parlent' (wanasema) sikioni hazitofautiani hata chembe. Muktadha ndio huamua. Na hali tegemezi ndiyo hujificha zaidi, kwani 'je parle' na 'que je parle' zina umbo lilelile la kitenzi. Sisi tuna 'nasema' na 'niseme', wala hakuna anayezichanganya.