Mfuko wa Kulalia kwa Usiku wa Mlima Elgon

Joto la Malaba humdanganya anayejiandaa kupanda Mlima Elgon. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kawaida hushuka hadi nyuzi 16 au 17 za Selsiasi. Lakini ukivuka mpaka kuingia Uganda kwa kitambulisho chako, ukapita Tororo na Mbale hadi Budadiri, njia ya Sasa inakupandisha mpaka kambi ya Pango la Mude, takribani mita 3,500. Hapo ndipo wapandaji hulala kabla ya kukikabili kilele cha Wagagai chenye mita 4,321. Kila mita 1,000 unazopanda hukunyang'anya nyuzi 6 na nusu hivi, kwa hiyo tofauti ya mita 2,300 ni nyuzi 15. Zitoe kwenye usiku wa Malaba: unabaki na nyuzi moja au mbili juu ya sifuri. Bado hujahesabu anga tupu ya Januari, isiyo na wingu la kuzuia joto la ardhi lisipotee. Kukipambazuka nyasi zinaweza kuwa na barafu.

Rafiki yangu, dada anayefanya kazi ya uwakala wa forodha Malaba, aliponiomba tufuatane soko la mitumba la Busia, tulianza na hesabu hiyo. Tulihitaji mfuko wa kulalia unaomfaa yeye kwenye nyuzi sifuri, na ukipungua kidogo zaidi, heri. Tulitaka wa manyoya ya bata, yaani vile vinyoya laini vinavyoota kifuani chini ya manyoya makubwa, kwa sababu kwa uzito ule ule hushinda nyuzi za viwandani kwa joto, na hukunjika vikawa kifurushi kidogo. Mifuko ya aina hiyo hutokea sokoni mmoja mmoja, katikati ya mablanketi na majaketi mazito.

Muuzaji wa kwanza aliunyanyua mfuko wa buluu. "Dada, hii ni kamera, daraja la kwanza, haijaguswa. Soma hapo: mainasi ishirini na moja. Hata kwenye theluji ya Ulaya unalala."

"Kaka, nipe niisome mwenyewe," akamjibu.

Lebo ilikuwa na namba tatu: 1, −5 na −21. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, na muuzaji hana hila yoyote. Amesoma iliyo kubwa. Ulaya iliweka kipimo kimoja mwaka 2002, EN 13537, ambacho baadaye kilirithiwa na ISO 23537. Sanamu yenye umbo la mtu, iliyofungwa vipasha joto na vihisi, hulazwa ndani ya mfuko kwenye chumba baridi, na namba hupatikana kutokana na joto inalopoteza. Namba ya kwanza ni ya starehe: mwanamke wa kawaida analala amejinyoosha bila kusikia baridi. Ya pili ni kikomo: mwanamume wa kawaida amejikunja, anastahimili usiku. Ya tatu ni ya hatari: mwanamke huyo anapitisha saa sita akiwa hai, lakini mwili wake unaweza kupoa kupita kiasi. Kununua kwa namba ya tatu ni kununua mateso. Kwa dada huyu, mfuko wa buluu ulikuwa mfuko wa nyuzi 1.

Mifuko ya Marekani ina mtego mwingine, maana mingi huandikwa kwa Farenhaiti. Ukiona 20 usidhani ni wa kulalia Mombasa. Ni karibu −7 kwa Selsiasi.

Meza ya pili ilikuwa na mfuko wa kijani, mwepesi zaidi. Kwenye lebo zake mfuko wa buluu ulionyesha gramu 400 za manyoya yenye uwezo wa 600, na wa kijani gramu 300 zenye uwezo wa 800. Namba hiyo ya uwezo hueleza aunsi moja ya manyoya inajitanua kujaza inchi ngapi za ujazo. Zidisha uzito kwa uwezo, na mifuko yote miwili inashika hewa sawa kabisa, kama lita 139. Hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayomtia mtu joto; manyoya kazi yake ni kuizuia isitembee. Kwa mifuko mipya ningechukua wa kijani bila kufikiri, maana mlimani gramu 100 ni gramu 100.

Ila lebo hueleza siku mfuko ulipotoka kiwandani. Mafuta ya mwili na jasho la miaka hugandisha vinyoya, na mfuko uliobanwa ndani ya robota huchelewa kuinuka. Tuliikung'uta yote miwili, tukaitandaza juu ya turubai, tukaiacha ipumue huku tukinywa chai. Tuliporudi, wa buluu ulikuwa umeumuka kote. Wa kijani ulikuwa umeumuka kifuani, lakini miguuni ulilala bapa. Tulipouinua dhidi ya jua, mwanga ulipenya wazi karibu na vidole vya miguu, na mkononi tukasikia vidonge vidogo vigumu: manyoya yaliyoshikamana. Wa buluu ulikuwa pia na kola nene ya kukaza shingoni, na bomba la manyoya nyuma ya zipu kuzuia upepo. Ndio aliouchukua, na naamini alichagua vizuri. Nyuzi moja inayopungua hufidiwa na soksi kavu, kofia na sweta.

Huwezi kufidia sakafu, hata hivyo. Manyoya yanayolaliwa hubanwa, hewa hutoka, na baridi ya ardhi hupanda moja kwa moja mgongoni. Alinunua mikeka miwili ya sponji ngumu, kwa kuwa uwezo wa mikeka kuzuia baridi hujumlishwa unapoipanga juu kwa juu. Ningemlazimisha mtu anunue mkeka kabla ya mfuko.

Adui mkubwa wa manyoya Elgon ni maji. Yakilowa hushikamana na joto likaisha. Kwa safari ya Aprili au Mei, mvua zikiwa zimekolea, ningemshauri achukue mfuko wa nyuzi za viwandani, mzito na mnene, asihangaike na bata. Kwa Januari alitengenezewa ala na fundi wa turubai za malori, kwa lile turubai la plastiki linalounganishwa kwa moto, mdomo wake ukikunjwa mara tatu na kufungwa.

Kabla ya hapo aliufua: beseni kubwa, sabuni laini kidogo, bila dawa ya kung'arisha wala kukamua. Mfuko uliolowa hubebwa kwa mikono miwili kutoka chini, la sivyo uzito wa maji hupasua kuta za ndani. Kukauka huchukua siku mbili tatu kivulini penye upepo, na kila jioni kabla ya mvua za Busia unaingizwa ndani, ukitenganisha vidonge kwa vidole hadi usisikie hata kimoja.