Mzinga na Chungu

Mwalimu hakati kadi kabla hajalipata fumbo. Karatasi ya manila imetandazwa mezani, rula ipo kando, penseli imechongwa kwa wembe, naye ameketi kibarazani kwake Musoma, kimya, kama mcheza bao anayehesabu kete moyoni. Ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Kila likizo huwatengenezea wajukuu zake wa Bunda chemsha bongo ya vitabu: mbele picha, nyuma jina la kitabu.

Nilimkuta akihangaika na riwaya ya Said Ahmed Mohamed. Alikuwa amechora mzinga mtini na nyuki watatu, kila nyuki na miguu yake sita. Chini yake akachora mtu aliyekunja uso, ulimi nje. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Hapa nimewatafunia," akasema.

Akamfuta yule mtu taratibu, ufutio ukienda upande mmoja tu ili manila isichubuke, akapuliza vumbi. Mahali pake akachora chungu cha kupikia: mdomo, shingo, kisha tumbo, kwa mstari mmoja usiokatika. Akalaza penseli na kukitia kivuli. Vikabaki mzinga na chungu. Mtoto atasema "asali ya chungu", atasema "asali chunguni", mpaka sikio limtoe kwenye chombo na kumfikisha kwenye ladha: Asali Chungu. Picha imeonyesha maana ambayo mwandishi hakuikusudia, na bado jibu ni la haki kabisa. Nilimwamkia upya kwa hilo. "Shikamoo, Mwalimu." Akacheka, akaitika marahaba.

Kadi ya riwaya ya Utengano haikumchukua muda: mzigo wa kuni uliofungwa kamba, na ukuni mmoja umelala peke yake. Anayejua methali atamalizia mwenyewe.

Mzingile ndio uliokula mchana. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, ng'ambo tu ya maji; kutoka Bunda unakwenda Kisorya, unapanda kivuko. Mwalimu akachora njia zinazozungukana, na kisiwa kidogo katikati. Kabla ya kutia wino alizipita zote kwa kitako cha kalamu, moja baada ya nyingine, akirudi mwanzo kila alipogonga ukuta. Njia ya saba ikamfikisha kisiwani, na haikutakiwa kufika. Akaufuta ukuta mzima akaujenga upya, kisha akaanza kuhesabu tena kutoka ya kwanza. Wajukuu wasingegundua kosa lile. Yeye aliligundua, na hilo lilimtosha.

Kadi ya mwisho ilikuwa ya mtu wa Butiama. Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, hakumwita mfanyabiashara. Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na neno hilo moja likaipa tamthilia sura ya nchi yetu. "Mwenye fumbo hapa ni yeye," Mwalimu akaniambia. Kwa hiyo hakuongeza mchezo wa maneno. Alichora mizani yenye sarafu upande mmoja na upande wa pili mtupu, kisu chini yake, na pembeni kifimbo kifupi ambacho kila Mtanzania anajua kilikuwa mkononi mwa nani.

Ndipo akafungua maka peni nyeusi. Alifuatisha kila mstari wa penseli, akaziacha kadi zikauke, akakata kwa mkasi na kuviringisha pembe.

Mtoto wa jirani, wa darasa la tano, akapewa ile ya mzinga. Aliishika kwa mikono miwili. Alitaja asali, akataja chungu, akanyamaza. Mwalimu hakumsaidia hata kwa jicho. Aliendelea kukusanya mabaki ya manila sakafuni. Mara mtoto akakunja uso, uso uleule uliofutwa asubuhi, akasema jina.

Kadi zilikuwa kumi na mbili. Zilikwenda Bunda kwa basi la alfajiri, ndani ya bahasha ya kaki.