Nyati wa Elsa na Swala wa Babu

Born Free, kitabu cha Joy Adamson cha 1960, kinaanzia huku kwetu. Mumewe, George, alikuwa bwana nyama wa serikali, makao yake hapa Isiolo. Februari 1956 alimpiga risasi simba jike, kisha akarudi nyumbani na watoto wake watatu. Mdogo wao ndiye Elsa.

Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa chuo, kabla sijaacha masomo. Darasani tulibishana kuhusu upendo na uhuru. Mwaka huu nimekisoma tena, niko nyumbani Wabera, nikaona kumbe hiki ni kitabu cha nyama.

Simba hali majani. Elsa anapofundishwa kuishi porini, kila hatua inalipiwa na mnyama mwingine: mara mbuzi, mara swala aliyepigwa na George. Joy haifichi damu, na kwa hilo nampa heko. Jicho lake ni kali.

Tukio ninalolipenda zaidi liko mtoni. Elsa amemkamata nyati dume majini. Nuru, mfanyakazi aliyemlea tangu akiwa mdogo, ni Mwislamu. Nyati akifa kabla ya kuchinjwa, hawezi kumla. Basi anashuka kwenye mawe yanayoteleza na kumchinja nyati mbele ya simba. Elsa anamwachia. Joy anatuonyesha jinsi simba wake anavyowaamini watu. Mimi naona kitu kingine: Nuru alitaka nyama.

Hapo ndipo kitabu kinaniacha njiani. Ndani ya kambi ya bwana nyama, yule nyati ni kitoweo. Nje ya kambi, mtu akipatikana na nyama kama hiyo anaitwa jangili, na kumkamata ilikuwa sehemu ya kazi ya George. Sikuona mahali Joy anaposimama kuuliza tofauti ni nini.

Nauliza kwa sababu ya babu yangu. Ukame wa 1984 ulimmalizia mifugo, akaua swala mmoja. Alimchinja kwa bismillahi, kama Nuru. Akafungwa, nyanya akabaki na watoto watano. Babu mwenyewe hakuwahi kutusimulia. Nyanya ndiye aliniambia, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba askari bado wako mlangoni. Na miaka hiyohiyo mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa Nairobi mwaka 1980, uliwauzia watalii nyama pori, kihalali kabisa.

Sisemi sheria ifutwe. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na sheria ya 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya sufuria ya nyumbani. Punda milia wa Grevy wamebaki wachache mno, na mtu anayebeba swala kumi kwa pikipiki usiku kwenda kuuza si babu yangu. Nalaumu jinsi kitabu kinavyotazama. Njaa ya simba inafuatwa kurasa nyingi, kwa huruma. Njaa ya mtu inajitokeza pale mtoni, halafu inageuzwa kuwa sifa ya simba.

Lakini kisome, ni kitabu kizuri. Ukifika pale mtoni, usimwangalie Elsa peke yake. Mwangalie na yule mwenye kisu.