Nyumba ya Kuli

Riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1979, imezoeleka kusomeshwa kama hadithi ya mgomo: unyonyaji katika bandari ya Unguja, kuamka kwa wavuja jasho, kisha mgomo mkuu wa 1948. Maelezo hayo ni ya kweli. Lakini yanampita mtu ambaye, kwa maoni yangu, ndiye aliyebeba uzito wa kitabu, naye ni Bi Mashavu, mke wa Majaliwa na mama wa Rashidi.

Tazama mpangilio wa matukio. Majaliwa ni kuli, na anafia kazini. Mjane anabaki na mtoto, na mtoto huyo akikua anaelekea bandari ileile iliyomwua baba yake. Tajiri humrithisha mwanawe nyumba na shamba. Kuli humrithisha mwanawe mzigo. Jambo hili tunalipata katika maisha ya jamaa hii kabla hatujalisikia katika hotuba yoyote, na hapo ndipo sanaa ya mwandishi ilipo imara.

Anapoingia Faraji, mambo hubadilika. Faraji ana kazi kubwa ya kumfumbua Rashidi macho juu ya umoja wa wafanyakazi, lakini mara nyingi anazungumza kama mkufunzi aliyesimama mbele ya darasa. Kadiri mgomo unavyokaribia ndivyo nyumba inavyosogezwa nyuma. Kasoro hii si ya fani peke yake, ni ya fikra pia. Kuli alitegemea ujira wa siku. Siku asiyopata kazi, jiko lilikuwa mashakani. Kwa hiyo kila aliyegoma aligoma pamoja na mkewe, mama yake, na jirani wa kumkopesha kibaba cha mchele. Riwaya haikuwapa watu hao nafasi wanayostahiki.

Kwa mwalimu anayefundisha Buluk, mjini Juba, swali hili halipo mbali. Equatoria nayo ilikuwa na kiwanda chake huko Nzara. Mpango wa Wazande, ulioanzishwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940, ulileta kiwanda cha kusokota na kufuma pamba, na ili pamba ipatikane, maelfu ya familia zilihamishwa na kupangwa katika viwanja vilivyopimwa kwa mistari, bila kujali sana nani ni jamaa ya nani. Conrad Reining aliyachunguza mambo hayo katika kitabu chake cha 1966. Mwaka 1955 wafanyakazi wapatao 300 waliachishwa kazi. Mwezi Julai watu wakaandamana, wakapigwa risasi. Mwezi uliofuata askari wa Torit waliasi, na tangu hapo Nzara hutajwa kama utangulizi wa vita tu. Ni upungufu uleule wa Kuli: tunamwona mfanyakazi langoni, hatumfuati mpaka nyumbani.

Basi mwanafunzi mwenye wazee kutoka Nzara na aulizwe, kabla ya kuulizwa dhamira za riwaya: siku kiwanda kilipomwachisha mtu kazi, nani nyumbani alijua kwanza, na chakula cha jioni kilitoka wapi? Akirudi kwa Bi Mashavu na swali hilo, atayaona mapengo ya kitabu bila kuonyeshwa.

Liko pia suala la msamiati. Wanafunzi wanaozungumza Kiarabu cha Juba hulitambua neno hamali mara moja, lakini kuli, lililotujia kutoka Bara Hindi, huwagomea. Mwalimu asiyafanye maneno hayo kuwa pacha. Hamali wa Unguja ni yule wa mjini, mwenye gari lake la kusukuma. Kuli ni wa bandarini, wa melini na matisharini. Juba ina bandari yake ukingoni mwa Nile, na matishari hupakuliwa pale kwa mabega ya watu. Darasa na lipelekwe huko asubuhi moja, kitabu kikiwa mkononi.