Ruwej na rukan: hadithi tunayoisimulia upesi mno

Kati ya hadithi za Lualaba ni chache zinazojulikana kama ile ya Ruwej, binti ya chifu Nkond, aliyeolewa na mwindaji Cibind Yirung kutoka kwa Waluba. Kule Musumba katika Kapanga, pahali pa makao ya Mwant Yav, hadithi hiyo ndiyo mwanzo wa ufalme. Mreno Henrique Dias de Carvalho alizikusanya habari hizo huko mwaka 1887, akazitia katika kitabu chake cha 1890. Naye Victor Turner alipotoa vipande vyake kwa Kiingereza mwaka 1955, aliviita hadithi ya mapendo ya Walunda. Jina hilo ndilo tunalotaka kushindana nalo.

Juu ya nini mapendo? Mbele ya mwindaji kufika, mzee mmoja amekwisha kupigwa. Nkond (wasimuliaji hawapatani juu ya majina yote) alikuwa akisuka mkeka. Kando yake nyungu ya maji ya kulowesha nyuzi, na maji yamekuwa meupe sawasawa na malafu. Wana wake, Cinguud na Cinyam, wakaingia wamelewa, wakamgombeza kwamba amemaliza malafu, wakampiga. Hakuna aliyeonja ile nyungu. Binti ndiye aliyemtunza, na mzee mbele ya kufa akatoa neno: rukan ataivaa Ruwej.

Hapa tusimame kidogo. Rukan ni bangili ya mishipa ya watu. Mwenye kuivaa anachukua mkononi mwili wa binadamu wenzake, na kwa bangili hiyo anahukumu. Msimuliaji anayekimbilia arusi hatuachii nafasi ya kuiona.

Wakatekista wetu wana kosa jingine. Kwa kuwa hadithi inafanana na ile ya Noe na mwanawe Kam, huifunga kwa amri ya nne, basi. Ni kweli, lakini ni nusu. Noe alikuwa amelewa. Nkond alikuwa na maji. Tena hasira ya mzee aliyepigwa imegeuka sheria kwa neno moja, na wana wamenyimwa urithi. Je, mwenye jeraha anaweza kuhukumu sawa juu ya aliyemjeruhi? Sisi wenyewe, tunaoketi parokiani kupatanisha jamaa zinazogombania kiwanja kule Kolwezi, tunajua kwamba swali hilo si la zamani.

Kisha Ruwej, alipokuwa katika siku zake za mwezi, hakuweza kukaa na rukan, akamvika mume wake. Ndivyo ufalme ulivyopita kwa mgeni, na hasira ya ndugu ikawaka. Cinguud akaenda zake magharibi, katika nchi inayoitwa leo Angola. Cinyam naye akaondoka. Jan Vansina aliandika mwaka 1998 kwamba safari ya Cinguud haikutokea hata kidogo. Huenda ana haki. Lakini hata hivyo hadithi inabaki shahidi wa namna watu wa Musumba walivyofikiri juu ya asili ya sheria yao: baba aliyepigwa, mwanamke aliyetengwa, ndugu aliyeona haya mbele ya watu.

Sehemu tunayoipenda zaidi husimuliwa kwa maneno machache kabisa. Ruwej hakuzaa. Akampa mume wake mwanamke mwingine, na uzao wa huyo ukashika ufalme. Yaliyokuwa moyoni mwake siku ile, hakuna anayeyasema. Desturi peke yake ndiyo imemkumbuka: katika baraza la Mwant Yav kuna cheo cha mwanamke, Swan Murund, na mwenye kukishika anakaa katika nafasi ya Ruwej. Kwa Walunda anayerithi cheo anarithi jina na jamaa za yule wa kwanza. Chifu aliyetumwa mbali kama mwana anabaki mwana, hata vizazi vipite. Basi mwanamke asiyezaa amehesabiwa mama ya Walunda wote, na sheria ndiyo iliyompa watoto.

Jambo moja bado linatusumbua. Katika masimulizi tuliyoyasoma, Cinguud hupiga, hukasirika, huondoka. Neno la kujitetea hapewi. Kama kuna mkatekista wa Kapanga au wa Sandoa aliyewasikia wazee wakimpa Cinguud maneno yake mwenyewe, atuandikie.