Waamuzi Watatu

Haruni, ndugu yake Musa, anasifiwa katika mafundisho ya Kiyahudi kwa sababu aliifuata amani ilipo, hakuingoja imjie. Kazi hiyo ya kuifuata amani leo wanayo waamuzi watatu wa beth din, mahakama ya kidini ambayo nje ya jamii yao wachache huijua. Hawaruhusiwi kumsikiliza mdai mdaiwa akiwa hayupo, wala kumketisha mmoja na kumsimamisha mwenzake. Tajiri akija na mavazi ya fahari kushtakiana na maskini, sheria yataka avae kama mwenzake au amvishe mwenzake kama yeye. Mwanzoni kabisa huwauliza wote wawili: mwataka sheria au suluhu?

Wapo wasemao suluhu humdhulumu mwenye haki. Hoja ni nzito, na ndani ya Talmud yenyewe, kitabu kikuu cha sheria ya Kiyahudi, wamo marabi walioikataa. Lakini suluhu haimfungi asiyeiridhia: huthibitishwa kwa kushika kitambaa, ishara ya kukubali, na hukumu ikishatolewa haipendekezwi tena. Isitoshe, aliyeshinda kwa sheria tupu bado atakutana na jirani yake kwenye sinagogi siku ya Sabato. Hilo waamuzi hulijua wanapoketi kusikiliza, kwa subira, ugomvi wa kodi na mirathi.