Mbuga ya nani? Mjadala wa lugha ya kufundishia ukitazamwa kutoka Bariadi

Kama ulisoma shule ya msingi ya serikali, haya unayajua. Darasa la saba uliweza kueleza mmeng'enyo wa chakula kwa Kiswahili, kuanzia mdomoni hadi utumbo mpana, ukapata alama zako. Ukaingia sekondari, na mada ileile ikarudi kwa jina la "digestion". Ukaanza upya, kana kwamba hujawahi kusikia habari za tumbo.

Ndo maana mjadala wa Kiswahili au Kiingereza haufi. Leo naomba tuupitie kama tunavyopitia makala ya kisayansi: data inasema nini, hitimisho linafuata au halifuati, na nani ameachwa nje ya sampuli. Msimamo wangu nautaja mapema. Ushahidi uko upande wa Kiswahili kwa sekondari, ila watetezi wake wengi wanaongea kana kwamba kila mtoto wa Tanzania anazaliwa na Kiswahili mdomoni. Nenda Nkololo au Ngulyati uone. Nyumbani ni Kisukuma cha Ntuzu, na Kiswahili wengi wanakikuta shuleni.

Ripoti iliyojipinga yenyewe

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari, kuanzia kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu.

Soma matokeo yao taratibu. Kwa karibu nusu ya wanafunzi wa sekondari waliopimwa, maarifa ya masomo mengine yalikuwa hayawafikii, au yanawafikia kidogo sana. Kati ya wanafunzi wa kidato cha nne, takriban 10 kwa kila 100 tu ndio waliofikia kiwango ambacho mtu angetegemea wawe nacho siku ya KUANZA kusomeshwa kwa Kiingereza. Hao ni watu wanaokaribia kumaliza.

Sasa pendekezo lao: wizara itoe waraka usio na utata wa kuunga mkono Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Eti nini? Ukileta tasnifu ya namna hiyo kwa msimamizi wako, jedwali linasema hivi na sura ya mwisho inasema vile, utarudishwa nyumbani ukaandike upya. Hii haikurudishwa. Ilifuatiwa na mradi wa kuimarisha Kiingereza uliofadhiliwa na Uingereza, na Kiingereza kikabaki. Baadaye Sera ya Utamaduni ya 1997 na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 zote zikakipa Kiswahili nafasi katika ngazi zote. Lakini karatasi ya Fizikia ya kidato cha nne unajua inakuja kwa lugha gani.

Hoja mbili za kupita haraka

"Tukifundisha kwa Kiswahili hawatajua Kiingereza." Hapa mambo mawili yanachanganywa: kujifunza lugha na kujifunza kwa lugha. Watoto wa Finland na Uholanzi wanasoma sayansi kwa lugha zao, Kiingereza wanafundishwa kama somo, na wanakiongea vizuri tu. Mwalimu wa Kemia ambaye naye anahangaika na Kiingereza hawezi kuwa ndiye mwalimu wa Kiingereza.

"Istilahi hazipo." TUKI ilichapa kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Na hata Kiingereza neno "oxygen" hakikulizaa. Lilitungwa na Mfaransa Lavoisier kutokana na mizizi ya Kigiriki.

Tushuke kilima

Hoja hiyo ya istilahi, mtu akiitoa akiwa Simiyu, inachekesha zaidi. Chukua mada ya udongo. Ukishuka kutoka kwenye vilima vya mawe hadi bondeni, mkulima wa Kisukuma atakutajia aina za udongo moja baada ya nyingine. Luseni ni wa kichanga, jembe linaingia kirahisi lakini maji haukai nayo. Ibambasi una tabaka gumu chini, maji hayapenyi, ndo maana watu wanachimba majaruba hapo na kulima mpunga. Chini kabisa kuna mbuga, udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unaingia kwenye ufa. Kila jina limebeba umbile, tabia ya maji, na zao linalofaa. Huo ni uainishaji, na una uwezo wa kubashiri: ukijua jina, unajua mvua ikinyesha kitatokea nini.

Wanasayansi wana neno lao kwa mfululizo huo wa udongo kutoka juu hadi bondeni: katena. Alilileta Geoffrey Milne mwaka 1935, akiwa mtafiti wa udongo kituo cha Amani, hapahapa Tanganyika, kutokana na aliyoyaona kwenye miteremko ya Afrika Mashariki. Leo limo kwenye vitabu vya vyuo vikuu duniani kote.

Sasa mfuate mtoto wa Bariadi. Anajua mbuga kwa miguu yake. Anaingia shule ya msingi, anataja "mbuga", na kwenye Kiswahili cha kitabu mbuga ni mahali pa simba na watalii, yaani Serengeti pale jirani. Udongo wake sasa unaitwa mfinyanzi. Sawa, anajifunza. Anaingia sekondari, mfinyanzi unakuwa "clay", na anaandika ubaoni kwamba clay hushika maji. Anakariri. Hakuna aliyemwambia kwamba hii "clay" ni ndugu wa mbuga iliyomng'ang'ania miguu jana akitoka shule, wala kwamba inapasuka kwa sababu aina hiyo ya mfinyanzi hunyonya maji kati ya matabaka yake madogo mno, ikavimba, kisha ikasinyaa inapokauka.

Saikolojia ya kujifunza inaeleza gharama yake. Kumbukumbu tunayoitumia kufikiri papo hapo ina nafasi finyu. Nelson Cowan mwaka 2001 alikadiria vitu vinne hivi kwa wakati mmoja. Nafasi hizo zikijaa kutafuta maana ya maneno, hakuna inayobaki ya kuuliza "kwa nini unapasuka?" Na bila swali hilo hatujafundisha sayansi, tumefundisha imla.

Ushahidi wa upande wetu nao upimwe

Watetezi wa lugha za Kiafrika hupenda kutaja mradi wa Ife, Nigeria, ulioanza mwaka 1970 chini ya Babatunde Fafunwa. Watoto walisoma miaka yote sita ya msingi kwa Kiyoruba, Kiingereza kikiwa somo, wakawazidi wenzao waliohamia Kiingereza baada ya miaka mitatu, na kwenye Kiingereza hawakuachwa nyuma. Matokeo mazuri. Ila mradi ulikuwa na vitabu vipya na walimu maalumu wa Kiingereza. Kiasi gani ni lugha, kiasi gani ni vitabu? Huwezi kutenganisha kirahisi.

Kwetu, mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002 ulilinganisha vipindi vya Kiswahili na vya Kiingereza sekondari, na wanafunzi walielewa na kushiriki zaidi kwa Kiswahili. Naukubali mwelekeo wake. Lakini shule zilikuwa chache, na kigezo kilikuwa Kiswahili dhidi ya Kiingereza tu. Mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili anahitaji safu yake kwenye jedwali.

Kwa hiyo?

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, karatasi za sayansi za kidato cha pili na cha nne zitoke kwa lugha mbili, mwanafunzi achague. Si jambo geni: mtihani wa darasa la saba tayari NECTA huuandaa kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kwa shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Pili, Kiingereza kifundishwe kama somo na mwalimu anayekijua, kwa vipindi vya kutosha. Tatu, miaka ya mwanzo mwalimu wa Bariadi aruhusiwe kutumia Kisukuma bila kujificha: mtoto ataje mbuga, mwalimu aandike "mbuga, kwa Kiswahili udongo mfinyanzi mweusi", somo liendelee.

Najua mzazi anayeuza pamba ili alipe ada ya "English medium" hatanielewa mara moja, na sababu yake ni nzito: ajira anaziona zinapita kwenye Kiingereza. Simlaumu. Namuomba tu afanye jaribio dogo jioni moja. Amwambie mtoto aeleze kitu alichojifunza leo kwenye Biolojia, kwa lugha yoyote anayoitaka. Nawe msomaji, ukiwa na mdogo wako kidato cha kwanza, mfanyie hivyo hivyo. Ukiona anasoma daftari neno kwa neno na hawezi kuliweka pembeni, umeshaiona ile data ya 1984.